Chupa Thelathini za Chini ya Nyumba

Huko Hamilton, jimboni Ontario, mtu anayetaka mvinyo wa bei poa hanunui chupa. Ananunua boksi, analibeba hadi kwake, kisha anamalizia mwenyewe kazi ambayo kiwanda kingeifanya. Mimi hayo sikuyajua. Nilipopanda treni ya umeme pale Dodoma mwanzoni mwa Oktoba, na pasipoti ambayo haijawahi kugongwa muhuri wa nchi yoyote, nilichokijua kuhusu Kanada ni kwamba kuna baridi, na kwamba dada yangu anakaribia kujifungua na hana mtu wa kumshika mkono. Mama alinifungia mlenda mkavu, karanga, na maagizo mengi kuliko mizigo.

Safari ya angani haina mengi ya kusimulia. Dodoma hadi Dar es Salaam kwa SGR ni saa tatu na ushee, Dar hadi Addis Ababa ni usingizi mmoja, na kutoka Addis nilikaa hewani hadi nikapoteza hesabu ya asubuhi na jioni. Toronto, ofisa wa forodha aliniuliza nimebeba chakula gani. Nikamtolea mlenda. Akaugeuzageuza, akaunusa, akauliza unatumiwaje. Nikamwambia ni mboga, inaungwa kwa karanga na inakwenda na ugali. Aliniruhusu nipite, ila usoni ilionekana wazi kwamba hajaamini kuwa kile ni chakula.

Shemeji alikuwa nje ananisubiri, koti la ziada begani. Yeye ni mtu wa Bukavu, walikutana na dada hukohuko. "Karibu, shemeki," akasema, akanivisha lile koti kabla hata sijamjibu. Kutoka uwanja wa Pearson hadi Hamilton ni kama kilometa 70 za barabara pana, na mbele kidogo Ziwa Ontario linajitokeza upande wa kushoto, halina ng'ambo. Hamilton ni mji wa chuma. Viwanda vyake vimejipanga ufukweni na moshi wao. Nyuma ya mji limesimama genge refu la mawe ambalo wenyeji wanaliita mlima. Mtu aliyekulia Dodoma, kwenye vilima vya mawe, habishani nao sana.

Nyumba za kule zina chumba cha chini, ndani ya ardhi. Huko ndiko kuna mtambo wa kupasha nyumba joto, mashine ya kufulia, na kila kitu ambacho mwenye nyumba hataki wageni wakione. Dada alinituma nikalete nepi alizoanza kuzikusanya, nikakutana na rafu iliyojaa chupa zilizolala, hazina lebo hata moja, na mtungi mkubwa wa kioo mtupu uliofunikwa taulo. Nikapanda na nepi na swali.

"Muulize mwenyewe," dada akasema. "Mimi hapo nina nafasi moja tu, ya kuosha sakafu."

Mimi ni mtoto wa Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa. Zabibu nimeziona tangu sijajua kusoma: mjomba wangu ana ekari yake, na msimu wa mavuno sisi watoto tulikuwa tunashinda shambani na mikasi, vidole vimenata. Kwa hiyo shemeji aliponiambia kwamba anatengeneza mvinyo chini ya nyumba, swali langu la kwanza lilikuwa shamba liko wapi. Alicheka. Akaniahidi kunipeleka Jumamosi nikalione shamba lake.

Shamba lenyewe lilikuwa duka, katikati ya kinyozi na mahali pa kutengeneza simu. Ndani, ukuta mzima ni maboksi yamepangwa hadi darini, kila moja limeandikwa aina ya zabibu: Merlot, Shiraz, Chardonnay, Pinot Grigio. Upande wa pili kuna ndoo, mipira, vizibo, brashi za chupa, na mitungi ya kioo ya lita 23. Nyuma ya pazia la plastiki kulikuwa na mitungi mingine iliyojaa, kila mmoja na karatasi yenye jina la mteja. Mama mwenye duka alinieleza utaratibu. Ukitaka, unabeba boksi kwako. Usipotaka kuhangaika, unaliacha palepale, unalipa zaidi kidogo, naye anakutunzia. Ila sheria ya Ontario inataka hamira uimwage wewe mwenyewe kwa mkono wako, na siku ya kujaza chupa uje ujaze wewe. Lazima uwe na miaka 19. Na mvinyo huo hauuzwi: ni wa kunywa wewe na watu wako. Kwa maneno mengine, duka ni mahali tu; mtengenezaji mbele ya sheria ni wewe, hata kama huijui zabibu kwa sura.

Kwa nini watu wahangaike hivyo, nilikuja kuelewa tulipopita duka la LCBO kununua bia ya mgeni. Ontario ilipiga marufuku pombe mwaka 1916. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1927, serikali haikuwaachia watu biashara hiyo. Ilianzisha shirika lake, ndiyo LCBO, na mpaka leo ndilo lenye maduka makubwa ya mvinyo na pombe kali, ingawa siku hizi maduka ya vyakula nayo yameruhusiwa kuuza mvinyo. Chupa za bei ya chini nilizoziona pale zilikuwa kwenye dola 10, yaani karibu shilingi elfu ishirini za kwetu. Boksi alilolichukua shemeji lilikuwa dola 80 na linatoa chupa 30. Piga hesabu: dola 2 na senti 67 kwa chupa. Ndoo, mtungi na mipira alishavinunua zamani, na chupa hanunui kabisa. Anawaomba marafiki baada ya sherehe. Kuna wanaomnyima, kwa sababu chupa tupu ya mvinyo ukiirudisha unalipwa senti 20, na Mkanada hachezei senti 20.

Mama wa duka, alipojua natokea nchi yenye zabibu, alinisimulia kisa ambacho nimekirudia kwa kila mtu tangu siku hiyo. Wakati Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, wakulima wa California walikuwa wanauza matofali ya zabibu zilizokaushwa na kushindiliwa. Unaliyeyusha kwenye maji, unapata sharubati, jambo halali kabisa. Lakini mnunuzi alipewa pia onyo: usije ukaiacha sharubati hiyo kabatini wiki kadhaa, maana itageuka kuwa mvinyo. Onyo la namna hiyo ndiyo maelekezo yenyewe.

Tulianza jioni ileile. Shemeji hana haraka anapofanya kazi hii, na ni mkali wa usafi kuliko muuguzi. Ndoo, mwiko mrefu wa plastiki, kifuniko, kipimo, vyote alivisuuza kwa maji aliyoyatia unga mweupe, metabisalfaiti ya potasiamu, wenye harufu ya kiberiti inayopanda puani na kutoa machozi. Alisema mvinyo hauharibiwi na zabibu mbaya, unaharibiwa na ndoo chafu. Kisha akafungua boksi.

Ndani mlikuwa na mfuko mnene wa plastiki wenye lita kama 8 za mchuzi wa zabibu, na pakiti ndogo za karatasi zenye namba. Basi. Nilitazama hadi chini nikidhani kuna kingine. Mchuzi huo umepunguzwa maji kiwandani, ukawa mzito, mweusi, unavutika. Alipoumwaga niliingiza kidole nikaonja: utamu mkali wa zabibu kavu, na nyuma yake ladha ya kitu kilichopita motoni. Zabibu mbichi haina ladha hiyo. Nadhani hapo ndipo mvinyo wa boksi unapojulikana hata baada ya kuwa mvinyo, na sijui kama kuna pakiti ya kuuondolea alama hiyo.

Kabla ya mchuzi, ilitangulia pakiti ya kwanza, bentonaiti. Ni udongo. Udongo hasa, uliosagwa ukawa unga wa kijivu, unakorogwa kwenye lita 2 za maji ya moto hadi ulainike. Kazi yake ni kukamata chembechembe za protini zinazoutia mvinyo ukungu na kuzama nazo chini. Ukafuata mchuzi, yakafuata maji hadi alama ya lita 23, kisha kukoroga. Hapo zamu yangu ilifika, nikakoroga hadi bega likalalamika.

Halafu akatoa haidromita. Kijiti cha kioo, kinene chini, chembamba juu, kimeandikwa namba kuanzia juu hadi chini. Unachota mchuzi kwenye gilasi ndefu, unakiacha kielee. Mchuzi wenye sukari nyingi ni mzito, unakisukuma juu. Sukari ikiisha, kinazama. Kilisimama kwenye 1.085. Shemeji akaandika namba hiyo na tarehe ukutani kwa penseli, chini ya namba nyingine nyingi za miaka iliyopita. Ukuta ule ulikuwa daftari.

Mwisho wa yote, hamira. Gramu 5 tu, pakiti unayoweza kuisahau mfukoni. "Umwage wewe, shemeki," akanipa. "Ya mkono wa mgeni inachacha muzuri." Niliinyunyiza juu juu bila kukoroga, ikabaki inaelea, vumbi la kahawia juu ya weusi. Tukafunika. Kwenye kifuniko kuna tundu, na kwenye tundu anachomeka kidude cha plastiki kilichopindapinda chenye maji kidogo ndani: hewa inayozalishwa ndani inatoka, ya nje haipati njia ya kuingia. Ndoo akaizungushia mkanda wa umeme wa kupasha joto, kwa sababu chumba kilikuwa kimeanza kupoa na hamira inataka nyuzijoto 20 na kitu, la sivyo inalala.

Kesho yake asubuhi nilishuka kabla sijanywa chai. Kidude kilikuwa kinatoa mapovu, bwip, bwip, bila kupumzika. Harufu ilikuwa ya mkate na ndizi zilizopitiliza. Shemeji alisema inamrudisha kwao kwenye kasiksi, pombe ya ndizi ambayo bibi yake aliipika. Mimi ilinirudisha nyumbani kwa mjomba, lakini kwa mjomba harufu ni kali zaidi, kuna maganda, kuna vikonyo, kuna nyuki. Hapa hapakuwa na nyuki hata mmoja.

Mtoto alizaliwa wiki hiyo, wa kike, na kwa muda chini ya nyumba tulipasahau. Kazi niliyofuata Kanada ilinikalia: uji, maji ya moto, nguo, na dada ambaye akilala mtoto anaamka. Mlenda ulipata heshima yake. Mvinyo uliendelea wenyewe, na katika mambo yote ya boksi hilo ndilo lililonifurahisha: halidai uangalizi. Siku shemeji aliposhuka kupima, ulikuwa umeshuka karibu na 1.010, akauvuta kwa mpira kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye mtungi wa kioo, mashapo yakabaki chini, mazito na ya zambarau.

Jirani yetu upande wa kulia alikuwa mzee wa Kiitaliano, mzaliwa wa Sicilia. Wako wengi Hamilton, hasa waliotoka mji wa Racalmuto, walikuja kufanya kazi kwenye chuma. Mzee huyu naye ana mvinyo wake, ila si wa boksi. Kila Septemba malori yanaleta zabibu za California kwenye kreti, Zinfandel na Alicante, naye ananunua, anasaga, anakamua kwa mashine ya mkono iliyowekwa kwenye banda la gari. Alipotuona na mtungi alitikisa kichwa juu ya uzio. Kwake boksi ni sukari na maji. Mvinyo mwekundu bila maganda ya zabibu, alisema, umetolewa wapi wekundu wake?

Nikamwambia kwetu Dodoma zabibu zililetwa na wamisionari Wakatoliki, wakazipanda Bihawana miaka ya 1950, na kwamba leo kuna vijiji vizima vinaishi kwa zao hilo. Alifurahi kana kwamba nimemletea salamu kutoka kwa ndugu. Kisha akaniuliza tunavuna mwezi gani. Nikamjibu: mwezi wa pili au wa tatu, halafu tena mwezi wa nane au wa tisa. Akanitazama. Nikarudia. Nikamweleza kwamba sisi hatuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima anaupogoa, anaumwagilia, nao unachipua upya. Aliingia ndani akarudi na mkewe ili nirudie mbele ya shahidi.

Siku moja ya mapumziko shemeji alitupeleka Niagara. Maporomoko yanapiga kelele na kulowesha watu, picha nilipiga. Nilichokitazama zaidi ni mashamba ya njiani: mizabibu imesimama kwenye nyaya, mistari imenyooka, majani yameisha, na baadhi ya mistari bado ina vichala vilivyofunikwa nyavu kuzuia ndege. Shemeji akasema hivyo vinasubiri baridi ya nyuzi 8 chini ya sifuri. Vikiganda hivyo vinakamuliwa vikiwa mawe, barafu inabaki, unatoka mchuzi mchache mtamu kama asali. Chupa ndogo ya mvinyo huo inazidi nusu ya bei ya boksi letu.

Jioni hiyo nilimpigia mjomba kwa WhatsApp, nikashuka na simu chini nikamwonyesha mtungi. Alinyamaza kidogo, akauliza lile boksi lilikaa dukani muda gani kabla ya kununuliwa. Swali la mkulima. Nililigeuza upande lilikoandikwa tarehe: lilikuwa na miezi kadhaa, na lingeweza kukaa mingine mingi, bila jokofu, kwenye rafu ya kawaida, maana mchuzi umepashwa moto wa kuua vijidudu na kufungwa usiingie hewa.

"Miezi," mjomba akasema.

Alikuwa na sababu ya kushangaa. Zabibu ya Mpunguzi haisubiri. Ikishakatwa ina siku chache tu, na mnunuzi anajua hilo vizuri kuliko hata mkulima. Akichelewa kuja, bei inashuka yenyewe shambani, bila mtu kuongea. Ndiyo maana wenye mashine ya kukamua wanapata nafuu: wanauza mchuzi, mchuzi unahifadhika kwenye tangi, nao wanaweza kukaa kitako na kujadiliana. Asiye nayo anachukua kinachotolewa. Watu wanaposema mvinyo wa boksi ni rahisi kwa sababu ni hafifu, nadhani wanakosea. Ni rahisi kwa sababu hakuna anayelipwa kusubiri: hakuna chupa ya kiwandani, hakuna kodi ya chupa, hakuna duka la serikali, na mfanyakazi ni shemeji, ambaye mshahara wake ni kunywa. Kilichobaki kugharimia ni mchuzi na njia ya kuufanya usioze. Hiyo njia ndiyo inayokosekana katika ekari ya mjomba wangu.

Pakiti zilizosalia zilikuwa na kazi zake. Haidromita ilipokuwa kwenye 0.994, na kesho yake palepale, shemeji alijua sukari imekwisha na kileo kimefika kama asilimia 12. Akatia metabisalfaiti, akatia sobeti ya potasiamu inayoizuia hamira isizaliane tena, akakoroga kwa nguvu kutoa gesi hadi mtungi ukatoa povu la waridi. Mwishoni akatia kaitosani, ambayo inatengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Hili nalo nilimwambia mjomba, akacheka sana: zabibu, udongo na kamba kwenye chungu kimoja, na huo unaitwa mvinyo. Lakini baada ya wiki mbili weusi ule ulikuwa umesafika. Ukiweka tochi upande wa pili unaona mwanga umepita mwekundu, haujakatika.

Kujaza chupa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika mpira, mwingine anapiga vizibo kwa mashine ya kusimama yenye mkono mrefu. Nilipewa vizibo. Unalowesha, unaweka, unashusha mkono wa chuma, kizibo kinabanwa na kuzama kwa mlio mfupi. Zilijaa 29 na nusu. Ile nusu tuliipeleka juu, mezani. Dada alionja tone kwa ncha ya ulimi, akarudi kwenye uji wake. Mimi nilikunywa gilasi. Ni mvinyo wa kweli, mkavu, mwepesi, hauna kasoro ya kukutia aibu, na ile ladha ya zabibu kavu bado imo kwa mbali. Mvinyo wa Hombolo, kule kwetu Dodoma, ulio mzuri unaushinda. Mvinyo wa dola 10 wa LCBO tuliofungua kando yake, haukuushinda. Shemeji alisema nikiuacha miezi sita utakuwa mwingine, lakini mimi viza yangu haikuwa na subira ya boksi.

Mjomba hutengeneza kidogo kwa ajili ya sikukuu za familia, na kila mwaka unatoka tofauti: mara mtamu, mara siki, mara chupa inatema kizibo usiku na kuamsha mbwa. Anaupima kwa ulimi na kwa kuweka sikio kwenye dumu. Aliponipigia kabla sijaondoka hakutaka simu wala koti. Alitaka kile kijiti cha kioo chenye namba. Pale dukani kinauzwa dola 12. Nilinunua viwili, kwa kuwa ni kioo na njia ni ndefu, nikavifunga katikati ya nguo za baridi ambazo Dodoma hakuna wa kuzivaa.